Nozeli haitanuliwi kwa keekee

SWALI: Fundi, habari za kazi. Hapa kwetu Sinza tumeunganishiwa gesi asilia ya bomba. Jiko letu la plate nne na oveni lilikuwa la mtungi. Tulipoliunga kwenye bomba moto ukawa mdogo mno, maharage hayaivi. Fundi wa mtaani anasema gesi ni gesi, atatanua tu nozeli, kile kijipande chenye tundu la kutolea gesi, kwa keekee, elfu kumi na tano, nusu saa kamaliza. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, mama. Na kama ameshatanua hata moja, hiyo itupe.

"Gesi ni gesi" nimeisikia Mikocheni, nimeisikia Mtwara, na anayeisema kila mara ana spana mkononi. Ya mtungi ni propani na butani. Ya bomba, inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani. Kwa ujazo uleule, ya mtungi hubeba joto mara mbili na nusu au zaidi ya methani. Isitoshe, jiko la mtungi hutengenezwa kwa msukumo wa milibari 30 hivi, la gesi asilia kwa 20. Ndiyo maana maharage yako yanagoma: tundu lililopimiwa mtungi linakupa kama nusu ya moto.

Kwa hiyo kwamba tundu liwe kubwa, hapo fundi wako yuko sahihi. Kinachonikera ni kudhani ukubwa huo unapimwa kwa jicho. Ng'oa kofia ya plate ya ukubwa wa kati, mulika tochi ndani: nozeli imegongwa namba, mara nyingi 65, yaani milimita 0.65. Mwenzake wa gesi asilia huwa 97 hivi. Kwa macho huoni tofauti, lakini eneo la tundu limeongezeka zaidi ya mara mbili. Keekee ikiyumba ikafika milimita 1.10, unakaribia mara tatu. Halafu tundu la kiwandani ni duara laini. Gesi hutoka imenyooka na kuvuta hewa njiani. La keekee lina makwaruzo, gesi inatoka imepinda, hewa haitoshi, moto unakuwa njano.

Kinachotakiwa ni seti ya nozeli za gesi asilia za modeli ya jiko lako. Tafuta kwenye ule mfuko wa kitabu na waranti. Majiko mengi huja nazo na watu huzitupa pamoja na maboksi. Zinafunguliwa kwa spana ya boksi namba 7. Ile ya oveni iko chini ya bati la sakafu yake, usiisahau. Baada ya hapo skrubu ndogo ya moto wa chini kwenye kila swichi irekebishwe, la sivyo ukipunguza moto utazimika. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Kama stika ya nyuma ya jiko inataja G30 (alama ya gesi ya mtungi) tu, bila G20 (alama ya gesi asilia), jiko hilo halikutengenezwa kwa gesi asilia. Nunua lingine, na waliowaunganishia bomba wawaambie lipi linafaa.

Lakini siyo jiko lako linaloninyima usingizi. Ni lile lililotobolewa, likauzwa, likarudi kwenye mtungi. Niliitwa Tabata na dada aliyekuwa akimlaumu muuza gesi: mtungi unaisha upesi mno, lazima anapunjwa. Jiko alilinunua mkononi, zuri, linang'aa. Nikawasha. Moto mrefu, njano, unalamba sufuria hadi mkononi. Dari juu ya jiko masizi matupu, na watoto walikuwa wakilalamika kichwa kila jioni. Nikafungua nozeli: imegongwa 65, ndani tundu lenye umbo la yai. Ile plate ilikuwa inachoma zaidi ya mara mbili ya gesi yake, bila hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya mnayoijua imetiwa kwenye gesi ili uvujaji ujulikane. Kwa hii haikusaidii kitu.

Kwa hiyo ukinunua jiko la mkononi, au ukiletewa na ndugu kutoka nje ambako wengi wana bomba, soma namba za nozeli kabla ya kuunga mtungi. Moto wenye ncha za njano zisizokwisha, zima, fungua madirisha. Usikubali kuambiwa "utazoea".

Jambo moja zaidi. Gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja hukaa chini. Ya bomba ni nyepesi, hupanda darini. Tundu la hewa mlilotoboa chini ya kabati halitoshi tena, fungueni na la juu.

Na zile nozeli 65 zako, zitie kwenye mfuko wa nailoni, uufunge nyuma ya jiko kwa gundi ya karatasi. Siku mkihamia kusikofikiwa na bomba utazihitaji.