Karatasi ya vianzio 50

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano, wilayani Chamwino. Nikitoa insha ya "Siku nisiyoisahau", karibu wote huanza: "Ilikuwa Jumamosi, jua liliwaka na ndege waliimba." Mwenzangu kanipa karatasi ya vianzio 50 inayouzwa stesheneri, niwakaririshe. Itasaidia?

JIBU: Marahaba. Mrudishie karatasi yake. Hao ndege wanaoimba wametoka humo humo.

Nimesahihisha insha ya msiba iliyoanza kwa ndege kuimba. Nimesahihisha ya wizi wa ng'ombe iliyoanza "Wahenga walisema", kisha mtoto akakwama sentensi ya pili, kwa sababu methali ile haikuwa ya kisa chake. Kosa ni kudhani mwanzo ni pambo, kwamba ukitafuta sentensi tamu ukaibandika juu, insha imekuwa nzuri. Mwanzo una kazi moja: msomaji akiumaliza abaki na swali.

Funga madaftari kwanza, wasimulie kwa mdomo. Binti mmoja darasani kwangu aliandika: "Siku moja nilikwenda Soko la Majengo na mama." Nikamuuliza, ulipofika nyumbani ulimwambiaje bibi? Akajibu papo hapo: "Bibi, mbuzi kala hela ya zabibu!" Basi andika hiyo. Akaandika: "Mbuzi alikula hela ya zabibu mama akiwa bado anapatana bei." Hakuna stesheneri inayouza sentensi ile. Na wale ambao nyumbani husema Kigogo, waache wasimuliane kwa Kigogo kwanza. Kisa kikishanyooka kichwani, Kiswahili kinakipata kikiwa kizima.

Wakishaandika insha nzima, warudi juu wafute sentensi mbili za kwanza. Mara nyingi mwanzo wenyewe umejificha kwenye ya tatu.

Najua utasema darasa lina watoto 80. Huhitaji kusoma insha 80. Kila siku wachache wasimame wasome sentensi ya kwanza tu, wenzao waulize swali linalowajia. Likitoka "Ikawaje?", imeshika. Darasa likikaa kimya, akaandike upya.

Kinachoniuma zaidi ni hizi tuisheni za jioni zinazowaahidi wazazi alama kwa kukaririsha. Msahihishaji akikutana na jua lile lile na ndege wale wale kwenye karatasi ya 20, hasomi tena kwa hamu, anatafuta makosa. Mtoto naye anajifunza kwamba alichokiona kwa macho yake hakifai kuandikwa, na hilo kulifuta huchukua miaka. Mzazi unayelipia, mwombe mwanao akusimulie jambo aliloliona leo njiani, kisha aliandike. Ukisoma ukakuta ndege wanaimba, hiyo hela ya tuisheni mnunulie kitabu cha hadithi.