Santuri za soul za Hawaii: anza na Mike Lundy

Ndugu yangu, umeuliza kama Hawaii ina muziki mwingine zaidi ya ukulele na nyimbo za hotelini. Upo, wa soul, tena mtamu mno! Tafuta albamu "The Rhythm of Life" ya mwimbaji Mike Lundy, iliyotoka mwaka 1980. Kopi ya kwanza bei yake inaumiza, maana santuri nyingi za aina hii zilichapwa chache na kuuzwa hukohuko visiwani. Chukua toleo jipya la Aloha Got Soul, lebo (kampuni ya kutoa santuri) ya Honolulu. Mwanzilishi wake, Roger Bong, alianza na blogu tu, kisha akawa anawatafuta wanamuziki wenyewe na kuwaomba ruhusa ya kutoa upya santuri zao. Hilo ndilo linalonifanya niipende kazi yake. Baada ya Lundy, sikiliza albamu ya Lemuria ya 1978, zile ala za kupuliza zinakuinua kitini.

Ukikuta kopi ya zamani, itoe kwenye jalada, iinamishe chini ya taa, upitishe ukucha taratibu. Mkwaruzo usioshika ukucha kwa kawaida hausumbui. Unaoshika, sindano huenda ikaruka. Nusa na jalada pia: ukungu wa visiwani hauishi kirahisi.