Oili ya difu na transfa: maswali yenu ya foo-wili

Tangu mvua ianze inboksi imejaa maswali ya oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) na transfa (gia zinazogawa nguvu kwa mbele na nyuma), na mengi yanafanana, kwa hivyo nimechukua machache nijibu hapa.

Hilux yangu difu ya nyuma inalia nikifika 80. Fundi anasema tutoe 90 tuweke 140, eti oili nzito itainyamazisha. (Msomaji, Ruiru)

Itanyamaza kweli, wiki mbili tatu hivi. Boss, difu ikilia mara nyingi ni beringi imeisha ama meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo ndani ya difu) yamelika, na oili nzito inaziba tu sauti, hairudishi chuma kilichotoka. Kabla ununue chochote mwaga hiyo iliyo ndani uangalie sumaku ya bolti ya chini. Pangusa na kidole: ukipata ujiuji wa kijivu laini kama dawa ya meno hiyo ni kawaida, lakini ukipata kipande unaweza kushika na kucha, wacha kufikiria oili, fikiria difu.

140 iko na kazi yake, kwa mfano kama unabeba mawe ya Ndarugu kila siku na kitabu cha gari kinakubali. Na usiogope hizo namba, maana gia oili hupimwa kwa skeli yake. 90 ya difu ikiwa moto, nyuzi 100, unene wake ni kati ya 13.5 na 18.5 cSt (kipimo cha unene wa oili), na 40 ya injini ni kati ya 12.5 na 16.3, yaani zinakaribiana sana. Watu huona 90 wakadhani ni uji.

Muuzaji wa Grogan, kule kwa spea Nairobi, ameniambia gia oili ya GL-5 ni mpya kuliko ya GL-4 kwa hivyo niweke kila mahali, difu, transfa na giaboksi. Niko na Land Cruiser ya gia ya mkono.

Hapana, hii si kama darasa la nne na la tano. GL-5 imewekwa dawa ya salfa na fosforasi nyingi zaidi, karibu mara mbili ya GL-4, ndiyo maana ukifungua mkebe harufu inakupiga. Difu inaihitaji kwa sababu pinioni imekaa chini ya katikati ya krauni, sasa meno hayasukumani tu, yanateleza yakisuguana chini ya mzigo mkubwa, na bila hiyo dawa yataungua. Lakini giaboksi iko na ringi za sinkro za shaba, zile husawazisha mwendo wa gia kabla ziingie, na hizo kazi yake ni kushika. Ukizipakia utelezi mwingi gia zinaanza kukataa kuingia, na kuna dawa zingine zinakula shaba polepole.

Transfa sasa ndiyo watu hukosea kabisa, kwa sababu hakuna jibu moja. Kuna gari inataka 75W-90. Jeep Cherokee za kitambo zinataka ATF, ile nyekundu ya otomatiki. Isuzu Trooper ya gia ya mkono, kitabu kinakwambia weka oili ya injini kwa giaboksi na transfa, na fundi ambaye hajui atakucheka akuwekee 90. Wacha acheke, wewe muonyeshe ukurasa.

Nina Defender ya kitambo. Kila nikicheki transfa oili imezidi, na hakuna mtu ameongeza! Ni nini hii?

Swali tamu sana hili. Kama giaboksi yako ni LT77, hiyo hutumia ATF, na transfa ya LT230 nyuma yake hutumia gia oili ya EP90, na kati yao kuna sili moja tu. Hiyo sili ikichoka ATF inapenya inaingia transfa. Chovya kidole: ukiona oili imekuwa nyepesi na iko na wekundu, jibu ndilo hilo. Angalia giaboksi haraka kabla ikauke, maana huko ndiko inatoka. Kupunguza transfa kila wikendi si kutengeneza.

Patrol yangu ikikata kona kwa parking nyuma inagonga-gonga tangu nibadilishe oili ya difu.

Hiyo inakaa difu ya LSD (ile huzuia gurudumu moja lisizunguke bure) imewekewa oili ya kawaida. Ndani kuna visahani vinatakiwa viteleze polepole, na oili isiyo na dawa yake inavifanya vishike na kuachia, shika, achia. Kama huna uhakika, weka mawe magurudumu ya mbele, inua nyuma yote kwa stendi, gia nyutro, zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda upande huo huo ni LSD, likirudi kinyume ni ya kawaida. (LSD iliyochakaa inaweza kukudanganya hapo, kwa hivyo tafuta pia kibandiko kwa difu.) Mwaga, weka iliyoandikwa LSD, halafu tafuta uwanja uendeshe ukichora nane mara kadhaa iingie kwa visahani.

Nilivuka lugga Samburu, sasa oili ya difu inakaa chai ya maziwa. Naweza kuvumilia hadi servisi?

Usivumilie hata kidogo. Difu ilikuwa moto, ikaingia maji baridi, hewa ya ndani ikajikunja na kuvuta maji kupitia sili ama briza, ile tundu ya difu kupumulia. Badilisha leo, endesha kidogo, mwaga tena uweke nyingine. Halafu paipu ya briza uipandishe juu, na siku nyingine ukifika mtoni simama kwanza difu ipoe.

Nataka kujibadilishia nyumbani. Naanzia wapi?

Bolti ya kujazia, ile ya juu. Ifungue hiyo kabla uguse ya chini. Mimi nilimwaga difu ya mbele Jumamosi saa kumi na moja jioni, nikageukia ya juu, ikakataa, nikaizungusha hadi kona zote zikaisha, gari ikalala kavu hadi Jumatatu fundi alipokuja na welding. Kwa Toyota nyingi spana ni 24. Gari isimame mahali tambarare, na ukijaza wacha ikianza kuchuruzika kwa shimo.