Kabla Hujaiogopa Kanuni ya Kimataifa, Uliza Imeingilia Mlango Gani

Mwaka wangu wa pili katika idara ya ununuzi nilikabidhiwa faili la pampu za maji. Muuzaji alikuwa Ufaransa, mkataba kurasa sita, na kwenye ukurasa wa tano palikuwa na sentensi moja ambayo sote tuliipita kama mtu anavyopita kibao cha "karibu": mkataba huu utaongozwa na sheria za Ufaransa.

Mzigo ulifika salama. Makasha yakaingia bohari na kukaa humo miezi minne, kwa kuwa jengo la kufungia pampu lilikuwa halijaisha. Tulipoyafungua tukakuta mota ni za volteji tofauti na tuliyoagiza. Wala haikuwa kasoro ya kujificha. Ilikuwa imechapwa kwenye kibati ubavuni mwa kila mota, kwa tarakimu ambazo hata mtoto angezisoma.

Nikaandika barua kali. Jibu lilikuja la adabu na fupi, likitaja Ibara ya 38 na ya 39 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa, ule wa Vienna wa mwaka 1980. Nikacheka. Neno Vienna halikuwamo popote katika kurasa zetu sita! Mwanasheria wetu hakucheka. Akaniuliza swali moja: "Mlichagua sheria ya nchi gani?"

Hapo ndipo nilipojifunza, kwa gharama, kwamba Ufaransa ni mwanachama wa mkataba ule, kwa hiyo kwa mauzo ya bidhaa yanayovuka mipaka, mkataba wa Vienna ni sehemu ya sheria ya Ufaransa. Ukichagua sheria ya Ufaransa bila kusema unautoa, umeuchagua na wenyewe. Ibara ya 38 inamtaka mnunuzi akague bidhaa mapema iwezekanavyo. Ya 39 inamtaka atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda unaofaa, la sivyo anapoteza haki ya kulalamika. Mimi niliona humo "miaka miwili" nikapumua. Kumbe miaka miwili ni ukomo wa juu kabisa. Muda unaofaa kwa kitu kilichoandikwa kwenye kibati ni mfupi mno kuliko huo. Tukaishia kupunguziwa bei kidogo, na mota tukabadilisha kwa fedha zetu.

Tangu siku ile, mtu akiniambia "kanuni za kimataifa zinasema", swali langu ni moja: zimeingilia mlango gani hadi zikakufunga wewe?

Mlango mkuu ni wa nchi. Serikali zinakaa, zinaandika, zinasaini, na magazeti yanatangaza kwamba mkataba umepitishwa. Wafanyabiashara wengi husoma habari ile wakadhani kesho yake mambo yamebadilika. Mara nyingi hayajabadilika. Kwa mikataba mingi ya aina hii, sahihi huonyesha nia tu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba unaitaka nchi iliyosaini isivuruge lengo la kile ilichosaini, lakini kufungwa hasa huja kwa kuridhia au kujiunga. Kisha mkataba wenyewe hungoja idadi fulani ya nchi. Ule wa mauzo ulikamilika 1980 na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kanuni za Rotterdam za mwaka 2008, za usafirishaji wa mizigo kwa bahari, zinahitaji nchi 20. Zilisainiwa kwa sherehe mwaka 2009, na hadi leo idadi haijatimia. Nimewahi kuona rasimu ya mkataba ikizitaja kana kwamba ni sheria inayofanya kazi!

Hata nchi ikiridhia, bado kuna kizingiti cha ndani. Uingereza, kwa mfano, mkataba wa kimataifa hauingii mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuuingiza. Mkataba wa New York wa 1958 unaohusu tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi wa migogoro, uliingia huko kwa njia hiyo. Uholanzi, kifungu cha mkataba kinachomgusa kila mtu kinaweza kutumika moja kwa moja. Ndiyo maana kujua kwamba nchi "ni mwanachama" hakutoshi. Angalia pia masharti iliyoyaweka wakati wa kujiunga. Marekani ilijiunga na mkataba wa mauzo lakini ikajitoa kwenye Ibara ya 1(1)(b), ile inayouleta mkataba kwa njia ya sheria iliyochaguliwa hata kama mmoja wenu hatoki nchi mwanachama. Uingereza yenyewe haimo kabisa, hivyo anayechagua sheria ya Uingereza hakutani nao. Orodha ya wanachama, tarehe na masharti yao iko wazi kwenye tovuti ya UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara. Kuisoma ni dakika tano.

Mlango wa pili ni kalamu yako mwenyewe, na huu ndio unaowashangaza watu. Incoterms, vifupisho vya masharti ya kukabidhi mzigo, zile FOB na CIF za kila siku, hazikutungwa na bunge lolote. Zinatolewa na Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris, taasisi binafsi, tangu 1936. Nguvu yake inatoka kwenye mkataba wenu. Ukiandika "FOB" tupu, umeacha nafasi ya ubishi, maana Marekani herufi hizo hizo zimekuwa na maana yake ya kienyeji. Andika herufi, jina la bandari, na toleo: Incoterms 2020. Maneno mawili ya ziada tu.

LC, yaani barua ambazo benki huahidi kumlipa muuzaji akileta hati zinazotakiwa, nazo ni hivyo hivyo. Kanuni za UCP 600, zilizoanza 1 Julai 2007, zinasema zenyewe katika ibara ya kwanza kwamba zinafunga pale barua inapozitaja. Ila hapa usijidanganye kwamba una uhuru mkubwa. Fomu ya benki imeshazitaja, na ulipoisaini ulikubali kwamba benki inaangalia hati tu, si mzigo. Herufi moja ikikosewa kwenye hati inaweza kukugharimu kuliko kasha zima likivunjika.

Kuhusu sheria za mfano, nitasema kidogo. Ile ya UNCITRAL ya usuluhishi ya mwaka 1985 ni rasimu iliyowekwa mezani ili mabunge yaichukue, na kila bunge hukata na kushona litakavyo. Soma sheria ya nchi husika, usisome mfano. Viwango vya ISO navyo ni vya hiari mpaka sheria ivitaje au mteja aviweke kwenye oda. Mikataba ya Shirika la Biashara Duniani inazifunga serikali. Wewe huwezi kwenda kushtaki kule, labda serikali yako ikubali kukubebea. Na ukiuza Umoja wa Ulaya, uliza kama unachoambiwa ni kanuni au ni agizo. Kanuni inatumika moja kwa moja nchi zote wanachama. Agizo hungoja kila nchi itunge sheria yake, kwa hiyo maelezo yanaweza kutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Halafu kuna mazoea. Ibara ya 9 ya mkataba wa mauzo inasema desturi mlizokubaliana na mazoea mliyojijengea yanawafunga. Kama kwa miaka mitatu umekuwa ukipokea mzigo uliochelewa wiki moja bila kusema neno, usishangae mwenzako akiyaita hayo mazoea.

Wanasheria wengi huutoa mkataba wa Vienna wa mauzo kila mara, bila kufikiri. Mimi siwaungi mkono. Una ibara 101 tu, na kwa pande mbili ambazo kila mmoja anaogopa sheria ya mwenzake, mara nyingi ni kati na kati nzuri. Ila kama unautoa, Ibara ya 6 inaruhusu, na utoe kwa kuutaja jina. Kusema "sheria za Ufaransa" hakuutoi. Faili langu la pampu ni ushahidi.

Na kama umeshasaini? Chini ya Ibara ya 29, mkataba hurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili, isipokuwa kama mliandika kwamba marekebisho lazima yawe kwa maandishi. Basi andika tu, barua pepe ya mistari mitatu: kifungu fulani kisomeke hivi, tafadhali thibitisheni. Itume kabla mzigo haujaondoka bandarini. Ugomvi ukishaanza, hakuna atakayekujibu.