Si kila anayekoroma anahitaji mashine

Dada uliyeuliza kama mumeo anayekoroma naye anunue mashine ya hewa (ile inayosukuma hewa puani ukilala ili koo lisizibe) kwa vile jirani yenu imemsaidia: msikimbilie. Kukatika pumzi usingizini hakuna dawa moja. Kwanza apimwe akiwa amelala, wahesabu pumzi inakatika au kufifia mara ngapi kwa saa. 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 kwenda juu ni kali, na hasa huko ndiko mashine huwa chaguo la kwanza. Lakini amuulize daktari pia: inakatika akilala chali tu? Yangu ilikuwa hivyo. Mke wangu alishona mfuko mgongoni mwa fulana, akatia mpira wa tenisi. Nikigeuka chali unanisumbua, narudi ubavu. Wiki ya kwanza nilinuna kweli. Wengine hufaidika na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, wengine kupunguza uzito. Kwa watoto mara nyingi chanzo ni tonsili, vile vinyama vya kooni, vikiwa vikubwa. Pombe ya usiku aiache kwa vyovyote. Na kama anasinzia kwenye usukani, asiendeshe gari hadi atibiwe.