Gari Linalolia Unapokanyaga Mafuta

SWALI: Ninaendesha gari la petroli lenye gia za mkono, ambalo limetembea zaidi ya kilometa 180,000 bila kunisumbua. Tangu miezi miwili iliyopita, kila ninapopanda mlima au kutaka kulipita gari jingine nikiwa gia ya nne au ya tano, injini hutoa mlio kama wa kokoto ndogo zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikiinua mguu, mlio hukatika papo hapo. Fundi amebadilisha plagi na kurekebisha tapeti (vifaa vinavyosukuma vali za injini), lakini mlio ungalipo. Nibadilishe nini sasa?

JIBU: Nakusihi usinunue kifaa kingine chochote kwa sasa. Umeeleza vizuri mlio unapoanza na unapokatika, na maelezo hayo yananisaidia kuliko sauti yenyewe, kwa kuwa mlio wa gari kwa kawaida hufuata mojawapo ya mambo matatu: mzunguko wa injini, mwendo wa magurudumu, au mzigo ambao injini imebebeshwa. Tapeti zilizolegea hufuata mzunguko. Ungezisikia hata gari likiwa limesimama, zikigonga upesi zaidi kadiri unavyokanyaga mafuta. Mlio wako unafuata mzigo, na ndiyo maana kazi iliyofanywa kwenye tapeti haikuugusa.

Ondoa kwanza shaka moja ndogo. Bati linalokinga joto la ekzosi likilegea hulia karibu vivyo hivyo, na nimeona watu wakifungua injini kwa sababu ya bolti moja iliyooza. Injini ikiwa imepoa kabisa, ligonge bati hilo kwa ngumi. Likichezacheza na kulia, likaze au lifunge kwa klipu ya chuma.

Bati likiwa imara, basi ninaamini kwamba petroli inajilipua ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Wengi wakisikia hivyo hudhani injini “imenoki”, yaani beringi zake zimekwisha, lakini hilo ni jambo jingine, lenye mlio mzito wa kugonga utokao ndani. Kwa kawaida plagi hutoa cheche muda mfupi kabla pistoni haijafika juu, kisha moto huenea kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Joto au mgandamizo ukizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli ulioko pembeni, ambao moto bado haujaufikia, huwaka wenyewe kwa mkupuo, na mawimbi ya mgandamizo hupiga kuta za silinda. Hizo ndizo kokoto unazozisikia. Ili kuthibitisha, rudi kwenye mlima uleule, na kwa mwendo uleule ushuke hadi gia ya tatu. Mlio ukitoweka au ukipungua sana, jibu umelipata.

Chanzo kitafutwe kuanzia kilicho rahisi. Tazama kiwango cha maji ya rejeta na uhakikishe kwamba feni inafanya kazi, kwa kuwa injini yenye joto kupita kiasi huweza kupata milipuko hiyo hata ikipewa petroli nzuri. Soma kitabu cha gari ujue kiwango cha okteni kinachotakiwa, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipua: injini iliyoundwa kwa okteni 95 ikipewa 91 inaweza kulalamika hasa mlimani. Halafu linganisha namba ya plagi mpya na ile iliyoandikwa kitabuni. Plagi ambayo haitoi joto upesi hubaki na ncha yenye moto mno, na inaweza kuingia vizuri kwenye tundu lake bila mtu kutambua kwamba siyo yake. Kwa injini yenye umri wa hiyo yako, masizi yaliyoganda juu ya pistoni nayo huongeza mgandamizo, hayo husafishwa. Mwishoni fundi apime wakati wa cheche pamoja na sensa inayotambua milipuko hiyo na kuchelewesha cheche. Hadi hapo, panda mlima kwa gia ndogo na ukanyage taratibu, kwa sababu milipuko hiyo ikiendelea kwa muda mrefu huweza kutoboa pistoni.

SWALI: Asubuhi gari langu hutoa mlio wa “che-che-che” ninapokanyaga mafuta. Baada ya dakika kumi hivi unapotea. Je, nipuuze?

JIBU: Tafadhali usipuuze. Ekzosi inavuja karibu na injini, pengine kwenye gasketi au pale chuma kilipopasuka; chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa, ndiyo maana mlio hupotea. Injini ikiwa baridi, tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo inaweza kupenya hadi ndani ya gari. Endesha ukiwa umefungua vioo, usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, na abiria akilalamika kuumwa kichwa, mshushe apate hewa safi mara moja, kisha gari lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe.

SWALI: Nikikata kona huku nikiongeza mwendo, nasikia “ka-ka-ka” upande wa gurudumu la mbele. Nikinyoosha usukani, kimya.

JIBU: Hiyo ni sivi jointi ya nje, yaani kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata linapokata kona. Kata usukani hadi mwisho na uchungulie nyuma ya gurudumu: ukiona mpira unaoifunika jointi umepasuka na grisi imerukia upande wa ndani wa rimu, mchanga umekwisha kuingia. Mpira uliopasuka bila mlio huweza kubadilishwa peke yake, pamoja na grisi mpya. Ukishasikia mlio, jointi yenyewe imelika na haina budi kubadilishwa.