Ushauri kwa anayetafuta shaba ya skarni: anza na ripoti za zamani, kisha fuata mpaka wa miamba

Vijana wanaoanza kazi ya utafutaji wa madini huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wanapokabidhiwa eneo lenye shaba ya aina ya skarni, yaani mwamba unaozaliwa pale magma inapokutana na mawe ya chokaa. Huwaambia waanzie kwenye makabati ya kumbukumbu, na wakishafika uwandani waufuate mpaka kati ya mwamba uliopenya (magma iliyoingia kati ya mawe mengine na kuganda) na mawe ya chokaa, hata pale madoa ya kijani ya shaba yanapowavuta upande mwingine. Mfano ninaoutumia siku zote ni Ertsberg, katika milima ya Papua nchini Indonesia.

Mwaka 1936 Waholanzi watatu, Anton Colijn, Frits Wissel na mjiolojia Jean Jacques Dozy, walipanda kuelekea vilele vya Carstensz, na njiani Dozy akauona mwamba mweusi mkubwa uliosimama peke yake, wenye madoa ya shaba. Alichukua sampuli, akaupa jina Ertsberg, linalomaanisha mlima wa mbale, yaani mawe yenye madini, na ripoti yake ikachapishwa Leiden mwaka 1939. Vita vikaanza, na ripoti hiyo ikakaa maktabani kwa takriban miaka 20, hadi ilipoibuliwa na habari zake zikamfikia Forbes Wilson wa kampuni ya Freeport, ambaye mwaka 1960 alikwea hadi huko na kuthibitisha yaliyoandikwa. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1967, na shaba ya kwanza ikasafirishwa mwishoni mwa mwaka 1972. Uchimbaji ule wote ulitokana na kurasa chache za mjiolojia aliyeandika kwa makini alichokiona. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kulipia ndege ya vipimo, nenda kwenye taasisi ya jiolojia ya nchi husika, uombe ramani za zamani, madaftari ya uwandani na kumbukumbu za uchorongaji, kisha usome hata yale maelezo ya pembeni yaliyoandikwa kwa penseli.

Sasa tuje kwenye miamba yenyewe. Skarni hutokea pale magma inapopenya katika mawe ya chokaa au dolomiti, ikayapasha joto hadi yakawa marumaru, kisha maji ya moto yenye silika, chuma, shaba na salfa yakapita katika nyufa na kuyageuza mawe hayo kuwa garneti, pirokseni na madini mengine. Katika skarni nyingi za shaba, garneti iliyo karibu na mwamba uliopenya huwa ya kahawia iliyokolea, nayo hupauka au kuelekea kijani kadiri unavyoisogelea marumaru. Mimi hupenda kuvipanga vipande vya mwamba vilivyochorongwa, nikavilowesha maji na kuvitazama kwa lenzi kabla ya kuandika neno lolote, kwa sababu rangi hizo zikiwa mbichi hukueleza uko upande gani wa mfumo. Mara nyingi utaona kwamba kalkopairaiti, madini ya shaba yenye rangi ya njano ya kung'aa, imeingia baadaye, ikijaza nyufa na nafasi kati ya punje za garneti, pamoja na epidoti na kloraiti, madini ya rangi ya kijani. Basi garneti nyingi peke yake si dalili ya shaba nyingi.

Ertsberg ilikuwa na sura yake. Lilikuwa pande la mwamba wa chokaa wenye magnesi, lililozungukwa na dayoraiti, ndio mwamba uliopenya, yenye umri wa takriban miaka milioni 3, likageuka kuwa mbale yenye magnetaiti nyingi, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Kwa hiyo beba chupa ya tindikali hafifu: jiwe la chokaa huchemka papo hapo, ilhali dolomiti huchemka pale tu unapoikwangua ikawa unga. Jaribio hilo la dakika moja hukuambia utarajie madini gani, na kama sumaku itakufaa, kwa kuwa si kila skarni ina magnetaiti ya kutosha kuonekana katika vipimo.

Mashimo ya kuchoronga yaelekezwe yaukate mpaka wa miamba kwa pembe pana, wala yasiufuate kwa urefu, kwa maana shimo linalotembea ndani ya mbale hutoa unene usio wa kweli. Skarni hupinda, hunyauka na kuvimba ghafla. Shimo moja tupu halitoshi kulifuta eneo, na shimo moja zuri halitoshi kulisifu mbele ya wawekezaji.

Kuna jambo ambalo wenzangu wengi hulipitia haraka, nami naliona zito. Milima ile ni ya Waamungme, ambao kwao ni mahali patakatifu, na mkataba wa mwaka 1967 ulifanywa bila wao kuulizwa. Makubaliano nao yalikuja mwaka 1974, uchimbaji ukiwa umeshaanza. Keti na wenyeji kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, uwasikilize mahali gani pasiguswe, na upachore kwenye ramani yako ya kazi.

Na ukiomba leseni, usiibane kwenye jiwe lenye shaba tu. Ertsberg ilipokaribia kuisha mwaka 1988, Grasberg, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za shaba na dhahabu duniani, ilithibitishwa kwa uchorongaji kilomita chache tu kutoka hapo, katika mwamba mwingine uliopenya. Chora kila mwamba wa aina hiyo unaoukuta, hata ule usioonyesha doa lolote la kijani.